Tumbili wa Katilu

Gari likishatoka Lodwar kuelekea kusini, kitu kirefu kuliko vyote nje ya dirisha huwa ni kichuguu. Vichuguu vya Turkana vimesimama vyembamba na vyekundu, vingine vinampita mtu mzima mara mbili kwa urefu, na kati yake ni mawe meusi, vichaka vya miiba na mbuzi. Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka, na joto la mchana huzidi nyuzi 35 mara kwa mara. Lokichar inapita, mji ambao jina lake lilivuma tangu 2012 mafuta yalipogunduliwa katika kisima cha Ngamia-1. Kisha Kalemngorok. Hapo abiria wa Katilu anashuka, anapatana bei na mwendesha boda boda, na lami inabaki nyuma.

Wageni wengi wa Turkana huenda ziwani, au Eliye kwenye chemchemi, au kutazama mahali palipofukuliwa mifupa ya watu wa kale. Mimi nilikwenda Katilu kwa ajili ya tumbili. Kijana aliyenibeba kwa pikipiki aliniuliza kwanza kama ninafanya kazi na shirika, halafu kama ni mtu wa mafuta. Nilipomtajia tumbili alipunguza mwendo, akageuza shingo.

"Hao hawatafutwi, ndugu yangu. Hao wanakutafuta wewe."

Upande wa magharibi ulikuwa umeanza kujitokeza mstari wa kijani. Huo ndio mto Turkwel. Unaanzia Mlima Elgon, ambako huitwa Suam, unapokea maji ya milima ya Cherang'ani, unapita katika korongo lenye bwawa la umeme, halafu unashuka nyikani kuelekea Ziwa Turkana. Safari yake yote ya nyikani husindikizwa na mshoroba wa miti. Iko migunga mikubwa ambayo Waturkana huiita ewoi, mikoma ambayo wanawake husuka majani yake kuwa mikeka na vikapu, mikuyu, mikunazi, edome yenye matunda madogo ya rangi ya chungwa, na esekon, ambao watu wa pwani wanaujua kwa jina la mswaki. Ukivuka mshoroba huo umerudi jangwani. Kuna mahali ambapo mtu anaupita kwa miguu, upande hadi upande, kabla jasho halijamkauka.

Humo ndimo tumbili anamoishi. Vitabu vinamwita mnyama wa savana, na ni kweli, ila ni savana yenye masharti mawili: maji ya kunywa yasiwe mbali, na pawe na miti mirefu ya kulala usiku. Swala granti huweza kukaa siku nyingi bila kugusa maji, akijipatia unyevu katika majani anayokula. Tumbili hawezi. Kwa hiyo katika kaunti hii kubwa ya Turkana, yenye ukubwa unaozidi kilomita za mraba 68,000, nchi yake halisi ni vijiutepe vichache vya kijani kando ya Turkwel, Kerio na mikondo mingine yenye maji chini ya mchanga.

Kundi la kwanza lilikuwa juu ya mgunga ukingoni mwa mfereji mkuu wa mashamba. Jua lilikuwa bado halijakali. Jike mmoja alikuwa amekaa kwenye panda ya tawi, mkia umening'inia wima, uso mweusi umezungukwa na manyoya meupe. Alivuta tumba la mgunga, ganda la mbegu lililojikunja ambalo Waturkana huliita ng'itit, akalipasua kwa meno ya pembeni, akatoa mbegu moja moja kwa vidole. Hakuzimeza. Alizisukuma kwa ulimi kwenye kifuko cha shavu, mpaka upande mmoja wa uso ukavimba. Vifuko hivyo ni akiba ya mnyama anayekula mahali pa hatari: huokota kwa haraka, hukimbilia juu, kisha hutafuna kwa nafasi. Chini yake kitoto chenye manyoya meusi na uso wa waridi kilikuwa mikononi mwa jike kijana asiyekuwa mama yake. Majike wadogo wa tumbili hupenda sana kubeba watoto wa wenzao, na mama huwaachia, akapata muda wa kula. Ikipita miezi michache uso wa mtoto hugeuka mweusi na manyoya yake huwa ya kijivu kijani ya watu wazima.

Dume alikaa peke yake tawi la juu kabisa. Ni mzito kuliko jike, anafika kilo tano na zaidi wakati jike ana tatu hadi nne na kidogo, na korodani zake ni za rangi ya buluu inayong'aa. Huwaonyesha madume wenzake rangi hiyo makusudi anapotaka heshima.

Tumbili wa Afrika wamegawanywa katika spishi kadhaa za jenasi moja, Chlorocebus. Yule wa Afrika Mashariki na Kusini huitwa pygerythrus. Kutoka Ghana kuja mpaka Uganda na pembe za magharibi za Kenya yuko tantalus, mwenye sharubu ndefu za mashavuni na kishada cheupe kwenye shina la mkia. Kaskazini magharibi mwa Kenya ndipo nchi za hawa wawili zinapokaribiana, na mwenye darubini akifika Turkana afanye kazi ya kutazama nyusi, sharubu na shina la mkia. Ni eneo ambalo bado linastahili macho mengi.

Kama ni suala la wenyeji na wageni, jamii ya kima ina hati ya zamani sana Turkana. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza mabaki yaliyofukuliwa Nakwai, humu humu Turkana, ya kima aliyeishi miaka milioni 22 iliyopita. Walimwita Alophe metios. Kilichowashangaza ni meno. Kima wa leo wa Afrika na Asia, tumbili akiwemo, wana magego yenye matuta mawili yanayokingama, ambayo hukata majani na kuponda mbegu kwa wakati mmoja. Alophe hakuwa nayo. Meno yake yalikuwa ya mla matunda na vitu laini. Nilipomtazama yule jike akipasua tumba la ewoi kwa gego, nilikuwa naona chombo ambacho ukoo wake ulikuwa bado haujakipata wakati wa Nakwai.

Katilu yenyewe ni kijiji cha mashamba. Baada ya ukame na njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, serikali ilianza kuwapa ardhi ya kulima wafugaji waliopoteza mifugo, kando ya Turkwel, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya FAO na UNDP. Mfereji ulichukua maji mtoni, ukayagawa kwa vijito vidogo mpaka kwenye vipande vya mahindi, mtama na kunde. Maji hayo yamepata tabu nyingi tangu hapo: mchanga huziba mfereji, mto huhama, kazi husimama na kuanza tena. Lakini mashamba yapo, na yako palepale kwenye mshoroba wa miti. Kwa tumbili maana yake ni hii: katikati ya nchi yake pameota chakula kitamu, kingi, kinachoiva kwa pamoja, kisichokuwa na miiba.

Ndiyo sababu kila shamba lenye mahindi yanayokomaa lina mtoto wa kuamia. Wengine wana dungu la miti, wengine hukaa tu chini ya kivuli wakiwa na kombeo na debe. Mama mwenye shamba aliyenikaribisha alikuwa na wajukuu wawili wa kazi hiyo, na alikuwa na hesabu yake ya wapi tumbili wanaingilia.

"Wanatuma mmoja kwanza, mwanangu. Anakaa juu pale, anatazama kama kuna mtoto wa kiume au ni mimi mama mzee. Kama ni mimi, wanashuka."

"Wanakutambua, mama?"

"Wananijua kuliko unavyonijua wewe."

Maneno kama hayo husikika kote Kenya. Mwaka 2007 wakazi wa Nachu, karibu na Kikuyu, walilalamika kwamba tumbili waliwakimbia wanaume na kuwadharau wanawake shambani, hata wanawake wengine wakajaribu kuvaa mavazi ya wanaume. Mnyama ambaye maisha yake yanategemea kumtofautisha chui na mbuzi kwa mbali hashindwi kumtofautisha mwenye kombeo na asiye nalo.

Na hapa ndipo tumbili anapokuwa mnyama wa ajabu hasa, kwa sababu hilo la kutofautisha adui ndilo lililomfanya maarufu duniani, na ugunduzi wenyewe ulifanyika Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Thomas Struhsaker alikaa Amboseli akisikiliza tumbili, akaona kwamba hawapigi kelele za hatari ovyo. Wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka. Mwaka 1977 Dorothy Cheney na Robert Seyfarth walifika hapo hapo kupima jambo hilo. Walirekodi milio, wakaficha vipaza sauti vichakani, wakasubiri mpaka pasiwe na chui, tai wala nyoka yeyote karibu, ndipo wakacheza kanda. Waliposikia mlio wa chui, tumbili walikimbilia mitini. Wa tai uliwafanya watazame juu au kujichimbia kichakani. Wa nyoka uliwasimamisha kwa miguu miwili, macho chini, wakichungulia nyasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980 wakiwa pamoja na Peter Marler. Mpaka siku hiyo wasomi wengi walishikilia kwamba kelele za wanyama ni kilio cha hofu au furaha tu, hazibebi habari ya kitu kilichoko nje. Tumbili wa Amboseli waliwalazimisha kufikiri upya.

Watoto wao hujifunza taratibu. Kitoto cha tumbili huzaliwa na mwelekeo fulani: mlio wa tai hukitoka kwa kitu cha angani, wa chui kwa mnyama wa ardhini. Lakini mwanzoni hukosea, kikampigia mlio wa tai njiwa, au hata jani linaloanguka. Wakubwa hutazama juu, wakaona hakuna kitu, wakaendelea kula. Mtoto akipatia, wakubwa hupokea mlio na kuurudia. Kwa jinsi hiyo orodha ya maadui inanyooka.

Huko Senegal, Julia Fischer na wenzake walirusha ndege ndogo isiyo na rubani juu ya kima wa kijani, ndugu wa karibu wa tumbili wetu waliotengana nao mamilioni ya miaka iliyopita. Wale walikuwa na milio ya chui na nyoka, ila watafiti hawakuwahi kuwasikia wakitoa mlio wa adui wa angani. Chombo kilipowapitia walitoa mlio mpya, na ulipopimwa ulifanana sana na mlio wa tai wa tumbili wa Afrika Mashariki. Baada ya hapo sauti ya chombo peke yake iliwatosha kuangaza macho mbinguni. Utafiti huo ulitoka mwaka 2019. Kwa hiyo sauti zenyewe ni urithi wa damu. Kinachofundishwa na maisha ni wakati wa kuzitumia.

Wachungaji wa Katilu hawakungoja vipaza sauti. Mzee mmoja niliyekaa naye chini ya ewoi, yeye juu ya kigoda chake cha ekicholong' na mimi juu ya gogo, aliniambia kwamba mchungaji anayepeleka mbuzi mtoni alfajiri hutega sikio kwa tumbili kwanza. Wakibweka kwa ukali na kuendelea kubweka, mbuzi hawaingizwi vichakani. Nilimwuliza kama ni kwa chui tu. Akasema hata kwa fisi watapiga kelele, lakini si ile. Alijaribu kuiga zote mbili. Wajukuu wake wakacheka, halafu mmoja wao akaiga vizuri zaidi.

Lakini urafiki huo wa alfajiri hauokoi mahindi mchana. Wizi wa shambani nao ni elimu inayorithishwa, na hilo limethibitishwa kwa mahindi hasa. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, Erica van de Waal na wenzake waliwapa tumbili wa porini visanduku viwili vya mahindi, ya kimoja yakiwa yametiwa rangi ya waridi na ya kingine ya buluu. Rangi moja ilitiwa uchungu mpaka kundi likaiacha. Miezi ikapita, watoto wapya wakazaliwa, na visanduku vikarudishwa, safari hii vyote vikiwa vitamu. Kati ya watoto 27, 26 walikula rangi waliyokula mama zao na kuiacha ile nyingine bila hata kuionja. Madume waliohamia kutoka makundi ya rangi tofauti walibadili, karibu wote, wakafuata desturi ya wenyeji wapya. Utafiti huo wa mwaka 2013 ungemsikitisha mama wa Katilu, kwa sababu maana yake ni kwamba kila jike anayejua mlango wa shamba lake anafuga wanafunzi.

Jamii ya tumbili imejengwa juu ya majike. Binti huzaliwa, huzeeka na hufia kundini mwa mama yake, na hurithi cheo cha mama. Dume akikaribia miaka mitano huondoka, mara nyingi pamoja na kaka au rika lake, akaingia kundi la jirani. Jike huzaa mtoto mmoja baada ya mimba ya miezi mitano na nusu. Cheo si fahari tupu. Richard Wrangham aliona Amboseli kwamba wakati wa kiangazi, kundi lililotegemea maji yaliyojikusanya katika mashimo ya miti liligeuka uwanja wa kusukumana, na wenye vyeo vya chini ndio walioumia na kufa zaidi. Katika nchi kama Turkana, ambayo kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 ilipitia misimu mitano ya mvua iliyoshindwa mfululizo, jambo hilo si la kitabuni. Machi 2000, wakati wa ukame mwingine, zilitoka habari kutoka Takaba, Mandera, kwamba kundi la kima wenye kiu lilivamia maji yaliyoletwa na malori, wakapigana na watu. Watu kumi walijeruhiwa na kima wanane wakauawa.

Mkulima aliyepoteza shamba kwa tembo au kiboko anaweza angalau kujaza fomu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ina orodha ya wanyama ambao hasara yao hulipwa fidia, na tumbili hayumo. Wakati huohuo ni mnyamapori, haruhusiwi kuuawa ovyo. Mama wa shamba anaachwa na wajukuu na debe, na watoto wa kuamia ni watoto ambao asubuhi hiyo hawako darasani. Naiona hiyo kuwa gharama ya kweli ya tumbili Katilu, kubwa kuliko magunzi yanayookotwa chini ya mti, na haki ingekuwa kuihesabu. Mipaka ya mashamba ingeweza kurudishwa nyuma kidogo kutoka miti ya kulala. Mazao wasiyoyapenda, kama pilipili, yangeweza kuwekwa ukingoni. Zamu za ulinzi zingeweza kulipwa watu wazima. Hayo yote yanahitaji mtu wa kuyapanga na fedha kidogo.

Nchini Kenya tumbili hutajwa zaidi anapoleta hasara. Tarehe 7 Juni 2016, saa tano na dakika 29 asubuhi, mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Mitambo ikazimika kwa kufuatana, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na Kenya nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alitoka hai, akachukuliwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kisa hicho kilizunguka dunia. Kisichotajwa ni deni la upande wa pili: mwaka 1962 wanasayansi wa Japani walikuza chembe hai kutoka figo la ndugu yake, kima wa kijani, zikapewa jina la Vero, na hadi leo chembe za ukoo huo hutumika kutengenezea chanjo, za polio zikiwemo.

Wapo wanaosema tumbili ni wengi mno, hawana haja ya kuombewa. Wamtazame jirani yake wa savana, kima mwekundu aitwaye patas, mwenye miguu mirefu, mkimbiaji wa kilomita 55 kwa saa, ambaye hakuna kima mwingine anayemfikia. Nchini Kenya anajulikana zaidi Laikipia, anakokula utomvu na wadudu wa migunga midogo. Tanzania ina patas wake wa kusini, upande wa magharibi wa Serengeti, na mwaka 2020 Yvonne de Jong na Thomas Butynski walikadiria kwamba wamebaki kati ya 100 na 200 hivi. Tumbili wenyewe waliwahi kuporomoka mahali walipokuwa wa kawaida kabisa. Hao hao wa Amboseli waliofundisha dunia, walipungua sana kuanzia miaka ya 1960 kadiri migunga ya manjano ilivyokufa kwa chumvi ya ardhini na kwa tembo. Kisha chui wakaja kuvuna waliobaki, na makundi yakavunjika, yakaunganika, mengine yakatoweka. Hawakupigwa risasi. Miti yao ya kulala na kula ilikwisha.

Ndiyo maana Katilu nilijikuta nikiuliza habari za miti kuliko za tumbili. Waturkana wana utaratibu wa ekwar: kipande cha miti ya ukingoni mwa mto huwa chini ya ukoo fulani, unaojulikana na majirani na wazee. Wengine wanaweza kupita na kunywesha, lakini matumba ya ewoi ya kiangazi ni ya mbuzi wa mwenye ekwar, na asiyeruhusiwa hakati tawi. Utaratibu huo ndio uliolinda chakula cha tumbili kwa vizazi vingi, ingawa haukuwekwa kwa ajili yake. Mkate wa mbuzi wakati wa njaa na mkate wa tumbili ni tumba lile lile.

Mifugo nayo hupanda miti. Watafiti Robin Reid na James Ellis, waliofanya kazi Turkana Kusini na kuchapisha mwaka 1995, walionyesha kwamba mbuzi hula matumba, mbegu hupita tumboni, zikalala katika samadi ya zizi. Zizi likihamwa, mvua ya kwanza huotesha miche ya ewoi ndani ya duara la miiba. Wakaona nyikani mashada ya migunga ambayo chanzo chake ni mazizi ya zamani. Tumbili naye hutema kokwa za mikunazi na edome mbali na mti mama, kwa kuwa hula akitembea na akiba yake mashavuni. Wale tunaowaita waharibifu, mbuzi na kima, wamo katika hesabu ya wapanzi.

Tatizo kubwa liko juu ya mto. Bwawa la Turkwel lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukuta wake ukiwa na urefu wa mita 153 na mitambo yake ikizalisha megawati 106. Liliipa Kenya umeme na likautuliza mto. Lakini msitu wa ukingoni umezoea mafuriko: maji hupanda, yanalowesha tambarare, yanaacha matope na mbegu, yanajaza maji ya chini ya ardhi. Mto uliotulizwa haupandi hivyo mara kwa mara, na miche ya kando hukosa nafasi yake. Pahali pake umeingia mti wa mathenge, uliopandwa Turkana miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ambao huvumilia chochote na huziba hata njia ya mifugo. Na kaskazini zaidi, Lodwar na Kakuma, kuna miji yenye moto wa kupikia. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kando ya mto Tarach, unaotiririka siku chache tu kwa mwaka, na tangu wakati huo kuni na makaa vimekuwa biashara, ugomvi na riziki kwa wenyeji na wageni pia.

Mzee alinipeleka kuona zizi alilolihama ukoo wake miaka kadhaa nyuma, mwendo wa kutoka nyumba yake mpaka mahali ambapo mchanga unaanza. Ndani ya mabaki ya boma ilikuwa imeota miche ya ewoi, mingine ikimfikia goti. Alikuwa ameizungushia matawi mapya ya miiba, mbuzi wasiiparamie.

Nilimwuliza kama anajua kwamba itakapokua, tumbili watahamia karibu zaidi na shamba la binti yake.

"Najua. Na mbuzi watakula chini yao. Wakitikisa tawi, tumba linaanguka, mbuzi anaokota. Hujaona?"

Nilikuwa nimeona. Chini ya mgunga wa mfereji, asubuhi ile ya kwanza, mbuzi watatu walikuwa wakifuata kundi la tumbili mti kwa mti, wakiokota yale yaliyodondoka. Mzee aliinama, akachomeka tawi jingine la miiba kwenye pengo, halafu akanieleza anachokitaka: mwaka mmoja katika kila miaka michache, watu wa bwawa wafungue maji mengi wakati wa mvua, mto upande mpaka kwenye zizi hili. Alinitajia pia jina la mwezi wa Kiturkana ambao angependa wafungue, akasisitiza niliandike vizuri kwenye daftari, na kwamba wakulima wapewe habari mapema wahamishe pampu zao.